Kiti cha Mbele: Peugeot 504, Baba, na Daftari la Mama

Kuku wa kwanza kutaga ndani ya gari letu hakuwa wetu. Alikuwa wa mama mmoja mjane huko Rongai, nje ya Nakuru, na alikuwa ametengeneza kiota chake kwenye kiti cha nyuma kabisa, pale sponji ilipochanika na kuacha shimo la ukubwa wa sufuria. Tulipofungua mlango wa nyuma, alituangalia kama abiria aliyeambiwa asogee kidogo. Hakusogea.

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 504, stesheni wagoni, ile yenye safu tatu za viti. Lilikuwa limesimama chini ya mti wa avokado kwa miaka 18. Majani yalikuwa yameozea juu ya boneti, tairi zote nne zilikuwa zimelala, na mlango wa dereva ulikuwa umefungwa kwa waya. Mume wa yule mama aliliendesha hadi akastaafu, akaliegesha siku moja kwa sababu lilikuwa linachemsha maji, akasema atalitengeneza mwisho wa mwezi. Miezi ikapita, miaka ikapita, mzee akaaga dunia na gari likiwa palepale.

Kaka yangu mkubwa alilizunguka mara moja akasema, "Hii si gari. Hii ni banda la kuku."

Baba hakumjibu. Ana miaka 77, mkono wake wa kushoto unatetemeka tangu alipopata kiharusi, na siku hizi haongei sana. Alienda nyuma ya gari, akaweka mkono wa kulia kwenye kona ya bodi, akasukuma chini kwa uzito wake wote, akaachilia. Gari lilishuka, likapanda, likatulia.

"Springi ziko," alisema.

Hapo nilijua tutalinunua.

Ili uelewe kwa nini mzee mgonjwa na watoto wake watatu wenye karo za kulipa wangetaka kununua gari lililokuwa na mayai ndani, lazima turudi nyuma kidogo. Mimi ni mwalimu wa historia, kwa hivyo utanisamehe.

Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka wa 1968, mwaka ule wa migomo mikubwa ya wanafunzi na wafanyakazi, migomo iliyochelewesha hata uzinduzi wa gari lenyewe. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Mwaka uliofuata ikatunukiwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Kule kwao lilikuwa gari la daktari na la meneja wa benki, la kwenda nalo kazini na kurudi. Huku kwetu lilipata maisha mengine kabisa. Senegal watu walizijaza abiria saba wakaziita kwa Kifaransa "viti saba". Nigeria ziliunganishwa Kaduna. Na hapa Kenya, baada ya viwanda vya kuunganisha magari kuanzishwa katika miaka ya 1970, 504 ilikuwa miongoni mwa magari yaliyounganishwa Mombasa kutokana na vipande vilivyofika kwa meli. Kazi hiyo iliendelea hadi miaka ya mwanzo ya 2000, muda mrefu baada ya Wafaransa wenyewe kuacha kuitengeneza saluni yake mwaka wa 1983.

Kwa nini gari hili na si lingine? Mafundi watakuambia sababu tatu. Kwanza, lilikaa juu kidogo, na springi zake zilikuwa ndefu na laini, kiasi kwamba gurudumu lingeweza kuzama shimoni na kutoka bila abiria kumwaga chai. Pili, wagoni ilikuwa na ekseli imara ya nyuma iliyobeba mzigo bila kunung'unika. Tatu, na hii ndiyo Baba huipenda zaidi, injini yake ina slivu zinazotoka. Katika magari mengi, pistoni hupanda na kushuka ndani ya tundu lililochongwa katika chuma cha bloku yenyewe. Likichakaa, bloku nzima lazima iende mashineni kuchongwa upya. Katika 504, kila pistoni ina bomba lake la chuma, na maji ya kupoza huzunguka bomba hilo kutoka nje. Bomba likichakaa unalitoa, unaingiza jipya na pistoni yake, unafunga. Fundi mwenye spana nzuri na mikono mitulivu aliweza kuifanya kazi hiyo chini ya mti. Nchi yenye mafundi wengi na mashine chache haikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Halafu kulikuwa na Safari Rally. Mbio hizi zilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, lakini wananchi walizichukua wakazifanya zao. Kila Pasaka watu walijipanga kando ya barabara kungoja vumbi. Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka wa 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na miaka yote miwili wa kwanza walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika 404. Kisha ikaja zamu ya 504: 1975 ikaendeshwa na Ove Andersson, na 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Hakuna tangazo la biashara linaloshinda hilo. Mtu aliona kwa macho yake gari likipita kwenye tope la kijijini kwake na kushinda, kisha Jumatatu akaliona lilelile, la rangi nyeupe, likimbeba mkuu wa wilaya.

Baba alikuwa mmoja wa wale waliosimama kando ya barabara. Wakati huo alikuwa turniboi wa lori. Anasema hakumwona dereva. Aliona taa nne na vumbi, akasikia sauti. Sauti hiyo ndiyo aliyoikumbuka.

Sasa, matatu. Jina lenyewe tunaambiwa lilitokana na nauli ya senti thelathini, mapeni matatu ya senti kumi kumi. Kwa miaka mingi biashara hiyo ilikuwa ya kujificha, mpaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipotangaza kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila leseni maalum. Mwaka wa 1984 sheria ikazitambua rasmi, pamoja na leseni, ukaguzi na bima. Katikati ya miaka hiyo, barabara za masafa marefu zilikuwa na tabaka zake. Chini kulikuwa na basi, lililobeba watu, kuku na magodoro. Juu kulikuwa na mwenye gari lake. Katikati ndipo palipokuwa na Peugeot. Nauli yake ilizidi ya basi, lakini haikusimama kila mahali, na mwenye kuipanda alijiona amesonga hatua moja mbele maishani. "Nilienda na Peugeot" ilikuwa sentensi kamili.

Baba alinunua Peugeot yake 1981, iliyokuwa imetumika tayari, akaanza kupiga ruti ya Nakuru hadi Kisumu: Salgaa, Mau Summit, Londiani, Kericho, Ahero, Kisumu. Abiria saba walikaa vizuri. Wa nane na wa tisa walikaa kwa upendo wa Mungu. Kiti cha mbele, karibu na dereva, kilikuwa na heshima yake. Kilipewa mwalimu, karani, mwenye suti, padre. Watu walikuja steji mapema ili wakipate.

Haya yote niliyajua tangu utotoni. Nilifikiri ndiyo historia yote.

Kununua gari la Rongai hakukuwa rahisi. Bei tulielewana haraka, shilingi 90,000, kwa sababu yule mama alitaka tu nafasi ya kujenga banda halisi la kuku. Shida ilikuwa hati ya umiliki, ile tunayoiita logibuku. Ilikuwa bado na jina la marehemu, na marehemu haweki sahihi. Ilibidi familia yao iende mahakamani kupata barua za kusimamia mirathi. Ilichukua miezi saba. Katika miezi hiyo Baba alikuwa akiniuliza kila Jumapili, "Hakimu amesema?" kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

Wakati huo ndipo tulipofanya kikao cha familia sebuleni. Kaka, ambaye ni fundi wa kuchomelea, alipinga. Alisema kwa pesa hizo na nyingine tutakazozika humo, tungepata Probox ya kufanya kazi. Dada yangu wa Eldoret, ambaye hushona mapazia na makochi, alisema kwenye simu kwamba yeye atachangia viti, basi. Mimi nilisema Baba hana muda mrefu, halafu nikajuta kusema hivyo akiwa hapo.

Mama alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, akichambua mboga. Hakuwa amesema neno. Kaka akamgeukia. "Na wewe, Mama? Wasemaje?"

"Nunueni," akasema. "Lakini safari hii tutaandika vizuri."

Akaenda chumbani, akarudi na daftari. Si jipya. Lilikuwa la kurasa 200, jalada gumu, kingo zimeliwa na mende. Nilikuwa sijawahi kuliona. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake wa mtu aliyeacha shule darasa la saba, uliandikwa hivi:

"1981. Ng'ombe 1 ameuzwa, 2,800. Zamu yangu ya chama, 4,000. Kuku 11, 220. Jumla nimempa mzee, 7,020. Ya gari."

Nilisoma kwa sauti kabla ya kuelewa ninachosoma. Nikanyamaza katikati.

Baba alikuwa akitazama mikono yake.

Kuanzia ukurasa wa pili, daftari lilikuwa la hesabu za kila siku. Baba alirudi usiku, akatoa noti na sarafu juu ya meza, Mama akahesabu na kuandika. "Kisumu mara 2." "Kisumu mara 1, pancha." Petroli, oili, breki, karo. Kulikuwa na safu mbili zenye jina chai. Moja ilikuwa ndogo: chai na mandazi. Ya pili aliiandika "chai ya barabarani", nayo haikunywewa na mtu wa kwetu. Kuna wiki ambazo chai ya barabarani ilizidi oili. Niliketi na daftari hilo hadi usiku wa manane. Nimefundisha biashara na usafiri kwa miaka 14 kutoka vitabu vilivyoandikwa na watu ambao hawakuwahi kuamka saa tisa usiku kumpikia dereva chai. Vitabu hivyo vina tarehe ya tangazo la Kenyatta na mwaka wa sheria. Ukitaka kujua mtaji wa kwanza wa Peugeot moja ulitoka kwa ng'ombe wa nani, itabidi umuulize mama mmoja mwenye daftari.

Kesho yake nilimuuliza. "Mama, logibuku ya ile gari ilikuwa na jina la nani?"

"La babako. Ungetaka iwe ya nani? Ilikuwa hivyo."

"Na ulikasirika?"

Akafikiri. "Kwa logibuku, hapana. Nilikasirikia kiti." Akanieleza kwamba katika miaka yote 15 hakuwahi kukaa mbele. Mara moja tu alisafiri na gari hilo mbali, kwenda mazishi Londiani. Alipofika steji kiti cha mbele kilikuwa kimeshauzwa. Alikaa safu ya nyuma, na mimi juu ya mapaja, kaka amebanwa mlangoni. "Sikuwa abiria, kwa hivyo sikulipa. Na asiyelipa hukaa nyuma. Nilikuwa nimesahau kwamba nililipa."

Gari liliingia kwetu juu ya lori la kubebea ng'ombe, likasukumwa hadi nyuma ya nyumba. Tuliliegesha chini ya mabati manne ambayo kaka aliyainua kwa nguzo, na kazi ikaanza. Kaka alianza kwa kunung'unika akaishia kuwa wa kwanza kufika kila Jumamosi.

Kutu ilikuwa imekula sakafu upande wa dereva. Ungeweza kuona majani ya chini. Kaka alikata sehemu mbovu, akachomelea mabati mapya, akapaka rangi ya kuzuia kutu kwanza ndani, halafu nje. Tangi la petroli lilikuwa na kutu ndani, kwa hivyo tulitia kokoto na mnyororo wa baiskeli, tukawapa watoto walibiringishe uani alasiri nzima. Walilipwa mandazi, na Mama akaandika: "Kuosha tangi, mandazi 12." Breki za nyuma zilikuwa zimeshikana kabisa, ngoma zake zilitoka siku ya tatu, baada ya nyundo, moto na maneno ambayo Baba alidai hakuyasikia.

Injini ndiyo iliyotupeleka Nairobi. Kama unatafuta spea ya gari la zamani Kenya, utafika Barabara ya Kirinyaga, na huko kila mtu atakuambia uko Grogan. Jina la zamani halijatoka midomoni. Linatokana na Ewart Grogan, mlowezi aliyejisifu kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo, na ambaye mwaka wa 1907 aliwachapa viboko vijana Waafrika hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Leo ukisema Grogan, hakuna anayemfikiria yeye. Wanafikiria gasketi. Wajukuu wa watu aliowadharau wamelichukua jina lake wakaligeuza kuwa mahali pa kununua bushi na beringi. Sijui kisasi kizuri zaidi ya hicho.

Ni wao pia waliolipa neno jua kali uzito. Lilikuwa jina la watu waliofanya kazi bila paa, na serikali iliwatazama kama takataka za mjini kwa muda mrefu. Mwaka wa 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji akaahidi vibanda. Mwaka wa 1992 kukatoka waraka rasmi wa bunge wenye neno jua kali kwenye kichwa chake. Lakini Peugeot zilikuwa zikifufuliwa juani muda wote huo, waraka au bila waraka.

Mzee mmoja wa Grogan, mwenye duka lisilozidi upana wa kitanda, aliitazama hedi ya silinda tuliyomletea, akaweka rula ya chuma juu yake, akatuonyesha mwanga ukipita chini. Hedi ya 504 ni ya aluminiamu. Ikichemka kupita kiasi hujipinda, gasketi inaachia, maji yanaingia panapotakiwa moto.

"Nani alitoa themostati?" akauliza.

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa kila fundi wa Kenya ameshawahi kutoa themostati. Tunaamini joto la huku halihitaji kizuizi cha maji. Mzee akatikisa kichwa. Alisema injini isiyo na themostati hukaa baridi asubuhi, huchakaa mapema, halafu mwenye gari huona sindano ya joto iko chini na kujisifu, huku rejeta ikiziba polepole bila yeye kujua. "Gari hii haikuuawa na uzee," alisema. "Iliuawa na ujanja."

Hedi ikasawazishwa mashineni. Tukanunua slivu nne na pistoni zake, shilingi 38,000, zimefungwa kwa karatasi yenye mafuta. Mama akaandika. Tulizifunga nyumbani, Baba akiwa juu ya kiti cha plastiki, mkono unaotetemeka ameuficha chini ya ule mzima. Hakuweza kushika spana. Lakini kaka alipokaza bolti za hedi, Baba alikuwa akisikiliza mlio wa spana na kusema, "Bado. Bado. Hapo. Wacha. Nenda ya kati." Walianza katikati wakaenda nje, kwa awamu, kama inavyotakiwa. Kaka yangu ana miaka 49 na sikumbuki siku nyingine aliyomtii Baba kwa saa nzima.

Jioni hiyo Baba aliongea zaidi ya mwezi mzima uliopita. Alitusimulia habari za Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, mtoto wa familia ya gereji. Mwaka wa 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia Safari na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, gari lililokwisha kufanya kazi ya mbio kwa timu ya kiwanda kabla hawajalipata. Viwanda vikubwa vilileta magari mapya. Ndugu wawili wakaleta kuukuu walilolijua kila nati, wakashinda. Joginder alishinda tena 1974 na 1976, zote kwa Mitsubishi Lancer, lakini Baba hupenda ile ya kwanza. "Gari mpya humjui," alisema. "Kuukuu imeshakuambia shida zake zote."

Mama, akiwa mlangoni, akasema, "Kama mume."

Tulicheka mpaka Baba naye akacheka.

Peugeot ya kwanza, ile ya daftari, Baba aliiuza 1996. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko lilifunguliwa, na magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japani, mengine yakipitia Dubai. Nissan ndogo ilibeba watu 14, na mara nyingi zaidi, kwa petroli isiyozidi sana ya Baba. Abiria saba wa Peugeot hawakuweza kushindana. Wengine waliendelea kidogo, hadi Februari 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano. Wazee wengi hawakuona sababu ya kufunga mikanda mipya kwenye viti vilivyochoka. Wakaegesha. Na kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka minane, huwezi kuagiza 504 nyingine kutoka nje hata ukiwa na pesa. Zilizopo ni zile zilizobaki chini ya miti.

Katika daftari, ukurasa wa mwisho wa 1996, Mama aliandika: "Gari imeuzwa, 65,000. Karo ya msichana, yote." Msichana ni mimi. Nilisoma chuo kikuu kwa Peugeot hiyo, ambayo ilikuwa ng'ombe, ambaye alikuwa wa Mama. Baba hakuwahi kuniambia. Mama pia hakuniambia. Aliandika tu, akasubiri mtu asome.

Injini iliwaka Jumamosi moja ya Agosti, saa kumi jioni. Iliwaka mara ya tatu, ikakohoa moshi wa oili iliyokuwa kwenye slivu mpya, ikatulia. Majirani walitoka. Baba aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema, "Tapeti ya tatu inaongea." Tukafungua, tukapima, ilikuwa kweli.

Ikabaki karatasi. Siku hizi uhamisho hufanywa mtandaoni, na mtandao unataka jina, namba ya kitambulisho, kubali au kataa. Tulikuwa mezani tena, mimi na kompyuta yangu. Kaka alisema iwe yake, maana ndiye aliyetoa jasho, na alikuwa na haki. Dada akasema kwenye simu iwe ya Baba. Nilimtazama Baba, na niseme ukweli, niliogopa. Gari lingekuwa la mwisho maishani mwake. Kuandikwa jina lake lilikuwa jambo dogo ambalo tungeweza kumpa bila mtu kuumia, isipokuwa mmoja aliyezoea.

Baba alivuta daftari la zamani kwa mkono wake wa kulia, akafungua ukurasa wa kwanza, akaligeuza linielekee. Akaweka kidole chini ya 7,020.

"Andika huyo," alisema.

Mama hakulia wala hakushukuru. Aliniletea kitambulisho chake kutoka kwenye kikebe cha majani ya chai, akasimama nyuma yangu kuhakikisha nimeandika herufi zote za jina lake. Kaka alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Sasa Mama ndiye mwenye gari. Atatuajiri?" Akaambiwa nafasi ya makanga iko wazi.

Mwezi uliofuata tulienda Kisumu. Mama ndiye aliyechagua. Alikuwa ameandika "Kisumu mara 2" mara elfu na zaidi, na hakuwahi kuliona ziwa. Mimi niliendesha, kwa sababu mkono wa kushoto wa Baba hauwezi tena usukani. Kaka alikaa katikati na dumu la maji, kwa kuwa haamini themostati hata sasa. Baba alichagua mwenyewe safu ya nyuma kabisa, pale alipokuwa kuku, ili asikilize difu.

Mama alikaa mbele, mkoba juu ya magoti, mkanda kifuani. Hakusema kitu mpaka Mau Summit, pale barabara inapogawanyika na baridi inaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Alikuwa akitazama mbele tu, jinsi mtu anavyotazama anapokuwa na kioo kizima chake.

Tulipoanza kuteremka kuelekea Kericho, na chai ikatanda kijani pande zote mbili, sauti ya Baba ikatoka nyuma, ile ya steji, ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa msichana mdogo:

"Mama wa mbele, nauli!"

Mama hakugeuka.

"Nililipa kitambo," akasema. "Mwaka wa themanini na moja."